Wasionunua Nao Wahesabiwe: Somo la Vyandarua vya Ifakara kwa Mnunuzi wa Matangazo

Juma lililopita mdogo wangu wa kike, ambaye anafanya biashara ya mchele mjini Ifakara, alinipigia simu usiku baada ya kufunga hesabu za siku. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, habari za mama na habari za mvua, akafika alipokuwa anakwenda.

"Kaka, hawa watu wa matangazo ya mtandaoni wanasema tangazo langu lina alama 62 kwa mia. Wanasema nikibonyeza hapa itapanda hadi 90. Nibonyeze?"

Nikamwuliza kitufe hicho kitafanya nini hasa. Akanisomea taratibu. Kitaongeza bajeti ya siku kutoka shilingi 5,000 hadi 15,000. Kitaruhusu tangazo lionekane kwa watu wanaotafuta maneno yanayokaribiana na yale aliyoyachagua yeye. Na kuanzia hapo mapendekezo mengine ya namna hiyo yatatekelezwa yenyewe, bila kumwuliza tena. Tofauti ya shilingi 10,000 kwa siku ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa duka lake hizo ni zaidi ya anachomlipa kijana anayemsaidia, na msimu wa kununua mpunga kwa wakulima ulikuwa umebakiza majuma machache. Fedha hiyo ndiyo hiyo hiyo ya kununulia magunia.

Nilimwambia asibonyeze kitu mpaka nimpigie. Mimi si mtaalamu wa masoko. Ni mwalimu wa historia. Lakini kadiri nilivyolifikiria swali lake, ndivyo lilivyoacha kuwa la teknolojia likawa la historia, tena historia ya pale pale anapoishi.

Bonde la Kilombero lina uzoefu mkubwa wa kupendekezewa. Mwaka 1929 ilichapishwa ripoti ya A. M. Telford juu ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka huo huo ikatoka ripoti ya Clement Gillman kuhusu upimaji wa njia ya reli ya kuifungua kusini-magharibi mwa Tanganyika. Reli inayopita Ifakara leo ni TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa sababu nyingine kabisa, yaani shaba ya Zambia na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1961 FAO ilitoa ripoti yake ya Bonde la Rufiji, majuzuu saba, na Kilombero ikiwa sehemu muhimu ya bonde hilo. Mwaka 2010 ukatangazwa mpango wa SAGCOT, na Kilombero ikawa mojawapo ya kanda zake. Miongoni mwa washirika wa mpango huo yalikuwamo makampuni yanayouza mbolea na mbegu. Sisemi kwamba ushauri wa muuza mbolea juu ya mbolea lazima uwe wa uongo. Unaweza kuwa sahihi kabisa. Udongo haumjui aliyeusemea. Ninachosema ni kwamba katika mfululizo huo wote mkazi wa bonde alikuwa mpokeaji wa pendekezo, na ni mara chache sana alipata namna ya kulipima kabla ya kulilipia.

Liko tukio moja, hata hivyo, ambalo lilikwenda kinyume, na ambalo wengi wetu tuliokulia upande ule tunalikumbuka kwa jina lake la dukani: Zuia Mbu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majaribio yaliyofanyika Gambia, Ghana na Kenya yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba chandarua kilichowekwa dawa huokoa maisha ya watoto wadogo. Swali lililobaki lilikuwa la aina nyingine. Je, kikiuzwa badala ya kugawiwa, kikatangazwa kama sabuni inavyotangazwa, kikapangwa kwenye rafu ya duka la kijijini kati ya chumvi na betri za redio, kitawafikia watoto wale wale? Mjini Ifakara, ile maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi chini ya Rudolf Geigy wa Basel ilikuwa imekua na kuwa kituo cha utafiti cha Kitanzania, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa KINET, uliofanya kazi katika wilaya mbili za Kilombero na Ulanga, zilizokuwa na watu wapatao 350,000. Wakati huo hapakuwa na daraja. Aliyetaka kwenda Ulanga alisubiri pantoni.

Mradi huo ulikuwa wa matangazo, na hakuna haja ya kulionea haya neno hilo. Kwanza walifanya utafiti wa soko, wakawauliza watu wenyewe, na jina la Zuia Mbu likapatikana hivyo. Likatumika kwa chandarua na kwa pakiti ya dawa pia. Kisha wakateua mawakala. Katika hatua ya kwanza walikuwa mawakala 31 katika vijiji 18: wenye maduka 15, viongozi wa vijiji 14, padri mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Kwa kazi ya kuweka dawa kwenye vyandarua waliteuliwa vijana 37. Ninapoisoma orodha hiyo kama mwanahistoria, naona ramani nzima ya nani aliaminiwa na nani katika kijiji cha Kilombero mwaka 1997. Mwenye duka na kiongozi wa kijiji wanakaribia kulingana, na mhudumu wa afya yuko peke yake. Aliyeipanga alijua kwamba pendekezo huingia nyumbani kwa mlango wa mtu anayefahamika.

Mwaka wa kwanza viliuzwa vyandarua 22,410 na dawa za kuwekea 8,072.

Tuitazame jozi hiyo ya tarakimu, maana ndani yake umo ugomvi wote wa makala haya. Muuza vyandarua angeichukua tarakimu ya kwanza akaenda nayo kwa wafadhili, na wangempongeza. Lakini dawa ya vyandarua vya zamani zile ilikuwa ikiisha nguvu kwa muda na kwa kufuliwa, hivyo familia iliyonunua chandarua ilipaswa kurudi kununua dawa. Aliyemjali mtoto aliyelala ndani yake alipaswa kuitazama sana tarakimu ya pili. Na hata hiyo haikutosha, kwa sababu zote mbili ni hesabu za dukani. Duka humhesabu aliyeingia. Halimjui yule aliyepita barabarani, wala yule wa ng'ambo ya mto ambaye hakusikia kitu.

Kwa hiyo Ifakara wakafanya jambo ambalo muuzaji wa kawaida halifanyi. Kuanzia mwaka 1996 waliweka utaratibu wa kuzitembelea kaya zote katika vijiji 25, zenye watu zaidi ya 50,000, kila baada ya miezi minne. Waliandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia na nani amehama. Waliziandika nyumba zenye chandarua na zisizokuwa nacho kwa kalamu ile ile. Tena mradi haukuingia vijiji vyote siku moja. Uliingia kwa awamu, kijiji hiki mwaka huu na kingine baadaye, ili vile vilivyotangulia viweze kulinganishwa na vile vilivyokuwa bado vinangoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Miongoni mwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Watafiti hawakuishia hapo. Waliandika kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 3 na 45, na kwamba kufikia mwaka 1999, kwa wastani wa wilaya zote mbili, ni asilimia 18 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamefikiwa, kiwango kilichomaanisha kuzuiwa kwa kifo kimoja katika kila vifo ishirini vya watoto. Nimewahi kusoma ripoti nyingi za miradi katika nchi hii. Zinazotaja kwa hiari yao kwamba faida inaweza kuwa asilimia 3 tu ni za kuhesabika.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Si taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha mradi na kuupima? Ndiyo. Wala sitaki kuwafanya malaika. Ila angalia kisa cha vocha.

Ili wajawazito na mama wenye watoto wadogo wasishindwe na bei, mradi ulitoa vocha za punguzo kupitia kliniki. Mama alipewa vocha, akaipeleka kwa wakala, akapunguziwa. Kati ya vocha 8,000, zilizorudi zikiwa zimetumika ni 7,720, yaani asilimia 97. Mtu mwenye haraka angefunga kitabu hapo, kwani mpango gani wa serikali au wa kanisa umewahi kupata asilimia 97? Lakini watafiti walikwenda pia majumbani, wakawauliza walengwa wenyewe, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuishika vocha. Miaka miwili baada ya mpango kuanza, kati ya walengwa 104 walioulizwa ni 45 tu waliokuwa wanaufahamu. Kati ya wanawake 103, waliokuwa wametumia vocha kununulia chandarua ni 12. Na kulikuwa na dalili kwamba waliotumia zaidi ni wa nyumba zenye nafuu, kwa sababu vocha ililipa sehemu tu ya bei, na aliye maskini kabisa hakuwa na ile sehemu iliyobaki.

Asilimia 97 na asilimia 12 zinatoka katika mpango mmoja, bonde moja, miaka ile ile. Hakuna iliyo ya uongo. Ya kwanza ilipatikana kwa kuhesabu vocha, ya pili kwa kuhesabu wanawake. Walioiandika ya pili ndio wenye mpango wenyewe, wakaichapisha na kukiri kwamba ilibidi waanze upya kazi ya kuwaelimisha watu kuhusu vocha. Mwaka 2004 nchi ilipoanzisha Hati Punguzo kwa wajawazito, wazo hilo lilikuwa limekwisha pitia Kilombero, pamoja na aibu zake.

Sasa nirudi kwenye kitufe cha mdogo wangu.

Google ilianza kuuza matangazo kwa mfumo wa AdWords mwezi Oktoba 2000, ikiwa na wateja 350, wakati Ifakara walikuwa wakihitimisha hesabu zao. Leo mfumo huo, unaoitwa Google Ads, humpa kila mtangazaji alama kutoka 0 hadi 100, na pembeni yake orodha ya mapendekezo, kila moja likiwa na pointi zake. Mtu aliyesoma shule zetu akiona 62 mwili wake unamwambia amepata daraja la chini. Hiyo ndiyo nguvu ya alama. Lakini maelezo ya kampuni yenyewe yanasema mambo mawili ambayo mwanafunzi huyu aliyetiwa hofu angefaidika kuyajua. La kwanza, alama hiyo haitumiki katika mnada unaoamua tangazo la nani litokee juu. La pili, alama hupanda ukilikubali pendekezo, na hupanda pia ukilikataa kwa kuliondoa kwenye orodha. Mtihani ambao kuandika jibu na kulifuta vyote vinakupa maksi, ndugu msomaji, haupimi ulichojifunza. Unapima kama umeusoma ujumbe.

Wapo pia wanaokodi wakala wa kuwaendeshea matangazo. Hao nao wajue kwamba tangu mwaka 2022 wakala anayetaka kubaki na nembo ya mshirika wa Google hutakiwa, pamoja na masharti mengine, kudumisha alama ya angalau asilimia 70. Wakala mwema ataondoa mapendekezo yasiyofaa na bado akaipata. Wakala mvivu atayakubali, na fedha ni ya mteja.

Sidai kwamba mashine inadanganya. Inaona mamilioni ya utafutaji ambao muuza mchele wa Ifakara hawezi kuuona, na baadhi ya mapendekezo yake ni ya maana: kiungo kimevunjika, namba ya simu haipo, tangazo lako moja limekataliwa. Yule wakala wa Zuia Mbu naye alipata chochote kwa kila chandarua, na chandarua kilikuwa kizuri. Tatizo ni kwamba jukwaa la matangazo linapendekeza, linauza, kisha linahesabu, na linahesabu dukani tu. Linakuonyesha waliobofya na kununua. Wale ambao wangenunua hata bila tangazo wamo ndani ya hesabu hiyo, wamevaa sare moja na wengine.

Na hesabu yenyewe huweza kukosewa. Mwezi Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili ilikuwa imekuza wastani wa muda ambao watu walitazama video, kwa sababu iligawanya jumla ya muda kwa watazamaji wa zaidi ya sekunde tatu pekee. Waliochungulia na kuondoka hawakuhesabiwa. Ni kosa la vocha zile zile, ila hapa hapakuwa na mtu wa kwenda majumbani.

Kampuni ya eBay ndiyo iliyokwenda. Mwaka 2012 wachumi wake walizima matangazo ya kulipia yaliyokuwa yakitokea mtu anapoandika jina la eBay katika baadhi ya mitandao ya utafutaji, kisha wakatazama kinachotokea. Asilimia 99.5 ya wale waliokuwa wakipitia kwenye tangazo waliingia tu kwa njia ya kawaida, isiyolipiwa. Walikuwa wanakwenda huko tangu mwanzo. Wachumi hao, Blake, Nosko na Tadelis, walizima pia matangazo ya maneno mengine katika maeneo kadhaa huku wakiyaacha yakiendelea kwingine. Wakagundua kwamba wanunuzi wa mara kwa mara hawakutikisika. Tangazo liliwasukuma wageni na wale wanaonunua kwa nadra. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015. Kwa mtu aliyekulia Kilombero, njia yao haikuwa ngeni: eneo linalopata na eneo linalongoja, yalinganishwe kwa wakati mmoja.

Nililisisitiza hilo la wakati mmoja nilipompigia mdogo wangu, kwa kuwa wazo lake la kwanza lilikuwa kuzima tangazo mwezi mzima na kuona mauzo yanakwendaje. Nikamwambia, mwezi ujao ni wa mavuno; mchele utajaa, bei itashuka, wanunuzi watamiminika, na utasema kuzima tangazo kumekuletea baraka. Msimu utakudanganya kuliko hata hao wenye alama. Afadhali aliache tangazo liendelee kwa wanunuzi wa Morogoro, alizime kwa wa Dodoma, miji yote miwili ambayo amekuwa akiiuzia. Baada ya majuma manne awageuze. Bajeti ibaki shilingi 5,000. Utekelezaji wa mapendekezo bila kuulizwa auzime kabisa. Pendekezo la kurekebisha namba ya simu alikubali, maana kweli ilikuwa na tarakimu moja pungufu. Atazame pia kama mfumo umepangwa kuwaonyesha tangazo watu walioko mahali alipopachagua tu, au pia wale "walioonyesha kupendezwa" na mahali hapo, kwa sababu mpangilio unaokuja wenyewe ni huo wa pili, na mtu wa ng'ambo anayesoma habari za Dodoma hanunui gunia.

Na awe na daftari juu ya meza. Kila anayepiga simu au kuingia aulizwe anatoka wapi na alitusikiaje, aandikwe, anunue asinunue.

"Hata asiponunua?"

"Huyo ndiye wa muhimu zaidi."

Alicheka, akasema nimezeeka nimekuwa karani wa sensa. Nikamkumbusha kwamba makarani wa namna hiyo walipita nyumbani kwetu na madaftari yao mwaka baada ya mwaka, wakimwuliza mama maswali yale yale, na yeye mdogo wangu alikuwa akiwakimbilia akidhani wameleta peremende.

Jana amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Ameupiga mistari vizuri: tarehe, mji, alitusikiaje, kanunua au hakununua. Wateja kumi na tisa. Wanne wanasema waliona tangazo, na kati yao mmoja alinunua. Watatu ni wateja wa siku zote, na mmoja wa hao anasema alibofya tangazo ili tu kupata namba ya simu aliyokuwa ameipoteza. Waliobaki, kumi na wawili, wamejibu kwa maneno yanayofanana: nimeelekezwa na mtu. Chini ya ukurasa ameandika swali kwa kalamu nyekundu: hao niwaweke safu gani, na huyo mtu aliyewaelekeza, nimwulizeje yeye alitusikia wapi?